Kurudi kuwashukuru waliokubeba utotoni: mwongozo kamili kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Wanaokwama kwenye jambo hili hawakosi moyo. Wanakwama kwa namna tatu zinazojirudia. Wa kwanza anasubiri mpaka ashike hela, na siku akizishika, aliyetaka kumshukuru ameshazikwa. Wa pili anatuma elfu hamsini kwa simu bila neno, na bibi upande wa pili anadhani ni matapeli. Wa tatu anafika na gari limejaa, anagawa, anapiga picha, anaondoka. Jirani aliyekuwa akimlisha anabaki kijijini akisemwa na ukoo mzima kwamba ndiye aliyekuwa akimharibu mtoto wa watu.

Huyu wa tatu ndiye anayeharibu zaidi, na ndiye asiyejua kwamba ameharibu. Wewe jioni utapanda gari kurudi Mbeya mjini, Iringa au Dar. Yeye atabaki palepale, kisima kilekile, majirani walewale. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inapimwa kwa anayebaki, wala si kwa anayeondoka.

Mwongozo unamhusu aliyekulia kwa shida: yatima aliyezungushwa kwa ndugu, aliyelelewa kwenye nyumba ya ulevi na kipigo, aliyepelekwa kazi za ndani wakati wenzake wako darasani, na pembeni akawepo mtu aliyemshika mkono. Mtu huyo anaweza kuwa bibi, mwalimu, mama ntilie, mlinzi wa shule au mzee wa kanisa.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu.
- Dakika za kutosha za kupiga simu. Wazee wengi wana kitochi, kwa hiyo WhatsApp haitakusaidia.
- Nauli ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi ikae mbali na hela nyingine.
- Zawadi zinazoingia kwenye mfuko mmoja wa kubebeka kwenye bodaboda.
- Bahasha moja au mbili, na noti ndogo za elfu moja na elfu mbili.
- Sweta zito kama unaelekea Makete, Njombe au Mufindi kati ya mwezi wa 6 na wa 8.
- Mtu mmoja wa kule asiyefungamana na upande wowote wa familia: balozi wa nyumba kumi, katibu wa kigango, au uliyesoma naye darasa moja.

Hela ya safari ipange hivi: toa nauli kwanza, kisha gawa iliyobaki mafungu matatu. Mawili ni ya zawadi. La tatu libaki mfukoni, kwa sababu huwezi kufika kijijini baada ya miaka mingi ukakosa kukuta msiba unaochangiwa au mzee aliyelazwa.

Hatua ya 1: Andika tendo, usiishie kwenye jina

Kwenye daftari andika jina la mtu, na mbele yake kitu kimoja alichokifanya, kwa undani wote unaoukumbuka. "Mama alinisaidia sana" haitoshi. Andika: "Alikuwa ananiachia uji kwenye kikombe cha bati, juu ya ukuta wa jiko, nikitoka kuchota maji." Au: "Mwalimu alinipa daftari mbili, akaniambia nisimwambie mtu."

Sababu ni mbili. Kwanza, neno lako siku hiyo litasimama juu ya tendo hili, na bila hilo utaishia kusema "asante kwa kila kitu", maneno ambayo hayamfikii mtu. Pili, ukiandika utagundua kwamba waliokusaidia kweli si wale wanaojitangaza. Mjomba anayesema kila harusi kwamba amekusomesha anaweza kukosa hata mstari mmoja. Mke wake aliyekuficha jikoni siku za kipigo atajaza ukurasa.

Ukifikisha majina matano, simama. Chagua wawili wa safari hii: mmoja mwenye umri mkubwa kuliko wote, na mmoja anayeishi jirani naye. Waliojaribu kuzunguka kwa watu wanane ndani ya siku mbili walimaliza kwa kusalimia tu.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kumsomea mtu baki mstari wako naye akaona picha.

Hatua ya 2: Jua yuko wapi na ana hali gani

Kwa mtu wa kijijini, anza na mwenyekiti wa kitongoji au balozi. Hao wanajua nani kahamia kwa mwanawe Mafinga na nani yuko kitandani. Kwa mwalimu, nenda au piga shuleni, umuulize mwalimu mkuu. Wakikosa, ofisi ya afisa elimu kata huwa na anayemkumbuka. Walimu wa serikali hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, kwa hiyo piga hesabu. Kama alikuwa na miaka arobaini na kitu ulipokuwa darasa la tano, na sasa wewe una thelathini na tano, usimtafute shuleni. Mtafute alikojenga.

Watawa na wachungaji huhamishwa mara kwa mara. Ofisi ya parokia, usharika au jimbo huelekeza, ila wape jina kamili, mwaka na mahali alipokuwa akihudumu.

Tahadhari: unapouliza, usieleze sababu yote. Sema, "Ni mtoto niliyesoma pale, nataka kumsalimia." Ukisema unakuja kushukuru, habari itatangulia kwamba kuna mtu anakuja na hela, na utakapofika utakuta kikao.

Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kutuma chochote

Piga saa 1 hadi saa 2 usiku, wakati watu wametoka shambani na hawajalala. Jitambulishe kwa jina alilokujua nalo, la utani likiwemo, na kwa mlezi uliyekuwa ukiishi kwake. Jina lako la kazini halimwambii kitu.

Usipige simu hiyo kwa ajili ya kushukuru. Salimia, ulizia afya, sema unapenda kupita kumwona, kisha uliza siku gani yupo. Neno lenyewe liache mpaka mtakapokaa.

Kama safari haiwezekani kabisa na unataka kutuma hela, mwambie kwanza kwa sauti: kiasi gani, kutoka namba gani, na itaingia lini. Muulize namba yake imesajiliwa kwa jina la nani, na kabla ya kuthibitisha linganisha na jina litakalotokea kwenye simu yako. Tuma na ya kutolea, maana ukituma elfu ishirini kavu akatwe kwa wakala, zawadi imepungua. Kisha piga tena kuhakikisha imefika. Kijijini kila mtu ameshaonywa kuhusu meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na mzee akiona hela asiyoijua anaweza kukaa nayo wiki nzima kwa hofu.

Hatua ya 4: Chagua msimu, siku na saa

Msimu mzuri ni mwezi wa 6 hadi wa 8. Mahindi yanavunwa au yameshavunwa, nyumba ina chakula, na barabara za vumbi zinapitika. Mgeni akija wakati ghala tupu, mwenyeji anakopa ili akupikie, na shukrani yako inageuka deni dukani. Kati ya mwezi wa 12 na wa 4 mvua inaweza kukuacha njiani ukielekea Makete au Ludewa, na watu wako shambani tangu alfajiri.

Kama huna budi kwenda msimu wa kilimo, fika saa 9 alasiri. Msimu mwingine saa 4 asubuhi inafaa. Epuka siku ya mnada. Epuka Jumapili asubuhi, na kwa Wasabato Jumamosi mchana kutwa. Usifike jioni ukategemea kulala bila kusema. Kwenye baridi ya Uporoto au Kipengere, mgeni wa ghafla maana yake kuna mtu wa nyumba atakayelala bila blanketi.

Hatua ya 5: Zawadi

Zawadi ya kwanza iwe ya kawaida, inayofanana na ya mgeni yeyote mwenye adabu: sukari kilo 2, mafuta ya kula lita 1 au 3, sabuni ya mche, chumvi, na kwa mama khanga doti moja au kitenge. Kwa wazee wa ukanda wa baridi, blanketi zito linapendwa kuliko nguo yoyote. Majani ya chai usiwapelekee watu wa Tukuyu na Mufindi, wanayo mlangoni.

Kwa nini zawadi ndogo? Kwa sababu itaonekana. Sukari na khanga havimletei mtu maneno. Bati thelathini zikishushwa mchana kweupe zinamletea. Kubwa lipo, lakini linakuja baadaye, kimya, na baada ya kumuuliza mwenyewe.

Makubwa yanayofaa, na yanakoharibikia:

*Mbolea.* Kwa ekari moja ya mahindi, kipimo kinachotumika sana ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa kupandia, kama DAP, na mmoja wa kukuzia, kama UREA. Ya ruzuku inanunuliwa kwa usajili wa mkulima mwenyewe, kwa hiyo usinunue mjini ukasafirisha. Mpe hela au nendeni wote kwa wakala. Ifike kabla ya mvua za kwanza, maana mfuko wa kupandia ukifika mwezi wa 2 utakaa chini ya kitanda.

*Bati.* Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Lakini tatizo kubwa siyo geji. Watu hununua bati wakasahau mbao, misumari, kofia za paa na fundi, na mzee anabaki na rundo la bati na aibu ya kutoezeka. Fundi apime kwanza. Kama huwezi kumaliza paa zima, usilianze.

*Matibabu.* Mzee ambaye haoni vizuri anahitaji kupelekwa kupimwa macho kuliko anavyohitaji redio. Hili ni la kumsindikiza, kwa sababu ukimpa hela tu, itaishia kwenye shida za wajukuu.

Hela taslimu weka kwenye bahasha, na mpe mkononi mwake mkiwa wawili. Usimpe mwanawe "amfikishie mama".

Hatua ya 6: Pita kwanza kwa wenye mji

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Umetoka mbali kumshukuru jirani, na nyumba uliyolelewa kwa shida iko hatua mia kutoka pale. Ukiipita bila kusalimia, tafsiri ni moja tu kijijini kote: umekuja kuwashtaki. Na kwa kuwa wewe hupo, atakayejibu mashtaka ni jirani.

Kama kule ni salama kwako, anza huko. Salamu fupi, kwa heshima zote: shikamoo, na kwa Wahehe na Wabena *kamwene*, kwa Wanyakyusa *ugonile*. Acha kilo moja ya sukari, kaa robo saa, aga. Usifungue ya zamani. Hiyo sukari si msamaha wala si malipo, ni ushuru wa njia ili mtu wako asisumbuliwe.

Kama si salama, yaani aliyekuumiza yupo na bado unamwogopa, usiende hapo hata kwa sababu ya mila. Mwambie yule mtu wako wa kule akupangie mkutane na jirani mahali pengine: kanisani baada ya ibada, kwa binti yake Makambako, kwenye mgahawa stendi. Ukiona moyo unakwenda mbio na usingizi umepotea tangu upange safari, ahirisha, uzungumze kwanza na afisa ustawi wa jamii au mtu wa afya. Shukrani inaweza kwenda kwa simu.

Madai ya zamani yana mahali pake. Ya ukatili yanapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ya mirathi mahakamani. Usiyachanganye na siku hii. Na ukikuta kwenye nyumba ileile kuna mtoto anayeteswa sasa hivi, hilo halisubiri. Piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au mfikishie ofisa ustawi wa kata.

Hatua ya 7: Sema neno lenyewe

Subiri mkaribishwe, mnywe chai au togwa, muulizane habari za waliokufa na waliooa. Kisha omba mzungumze wawili, nje ya nyumba au jikoni. Piga goti au inama kama ulivyofunzwa, na useme mambo matatu kwa mpangilio huu: tendo, kilichotokea kwa sababu ya tendo, asante. Kwa mfano:

"Mama, nikiwa darasa la sita ulikuwa unaniachia uji kwenye kikombe cha bati, juu ya ukuta wa jiko. Mwaka ule sikuingia darasani na njaa, na mtihani nilifaulu. Sijawahi kukwambia. Asante, mama."

Nusu dakika, basi. Usiongeze "kama si wewe ningekufa", kwa sababu unambebesha mtu mzigo mzito. Usiongeze "lakini baba yule alinitesa", kwa sababu hapo mazungumzo yamehama kutoka kwake. Kwa mzee wa Kinyakyusa, *ndaga fijo* mwishoni inapokelewa vizuri hata kama lugha umeisahau nusu.

Halafu nyamaza. Kimya kitakuwepo na kitakuuma. Kiache.

Kuhusu kanisani: utashawishika kutoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika na kusimulia. Sadaka ni sawa. Simulizi ndiyo yenye hatari, maana ukisema "mama huyu alinilisha nilipokuwa nalala njaa", nusu ya benchi wanajua ulikuwa unalala njaa kwa nani. Omba ruhusa yake kwanza, na hata akikubali usitaje nyumba. Vilevile usitaje ugonjwa uliowaondoa wazazi wako. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya imezika wengi kwa UKIMWI, na mama aliyekutunza inawezekana ndiye aliyekuwa akimwogesha mama yako na kufunga mdomo mpaka leo. Siri aliyoitunza siyo yako peke yako kuifungua.

Picha kadhalika. Kama anapenda, pigeni, mpe nakala iliyosafishwa kwenye karatasi. Mtandaoni usiweke.

Hatua ya 8: Jiandae kwa majibu yake

*"Aa, mwanangu, mimi nilifanya nini? Ni Mungu."* Ndilo jibu la kawaida. Usibishane na Mungu. Sema, "Amina, mama, na kikombe kilikuwa chako," kisha endeleeni.

*Hakumbuki.* Kwako lilikuwa jambo la maisha, kwake ilikuwa uji wa Jumanne. Usimlazimishe. Mpe alama mbili tatu: mlezi wako, darasa, mti uliokuwa pale. Akikosa kabisa, msimulie tu kama habari ya kumfurahisha, na usionyeshe kuumia.

*Anaanza kuomba radhi.* "Nilikuwa nasikia unapigwa, sikusema." Hili ndilo gumu, na linatokea zaidi kwa wanawake waliokuwa majirani. Watu hukosea kwa kuharakisha: "Hapana mama, hakuna shida kabisa." Hiyo inamfunga mdomo wakati ndiyo kwanza amefungua. Msikilize amalize. Kisha sema lililo kweli kwako, mfano: "Uliweza uji, na uji nilikula." Kama kuna hasira ndani yako kwamba hakusema, una haki nayo, ila siku hii siyo siku yake.

*Anaomba msaada.* Mjukuu anahitaji sare, mwingine amekosa hela ya chuo. Kuomba siyo tamaa, ni mtu aliyeona mlango. Usiahidi palepale, maana ukiwa umeguswa utaahidi usichokuwa nacho, na ahadi isiyotimia inafuta kila ulichosema. Jibu: "Nimesikia, mama. Nitakupigia Jumapili usiku nikwambie ninaloweza." Jumapili piga, hata kama jibu ni hapana.

*Anakataa zawadi.* Mara nyingi ni adabu. Mrudishie mara moja zaidi kwa mikono miwili. Akikataa tena, acha bahasha mfukoni na umpe sukari.

*Umefaulu ikiwa* mmezungumza mambo mengine baada ya hapo: mvua, bei ya viazi, nani kajenga.

Hatua ya 9: Kuondoka na yanayofuata

Ondoka mapema kuliko unavyotaka. Akikufungia mahindi, maparachichi au kuku, pokea, hata kama unajua hana. Kukataa chakula chake ni kumwambia kwamba sasa wewe ndiye mkubwa.

Baada ya wiki moja piga simu. Uliza bila kuzunguka: "Kuna maneno yoyote yamekufikia tangu nimeondoka?" Kama yapo, mpigie yule mtu wako wa kule, amsalimie aliyekasirika kwa jina. Mara nyingi inatosha.

Kisha chagua ratiba unayoiweza miaka kumi. Simu moja kila mwezi inashinda laki mbili za mara moja. Kama utatuma hela, tuma kiasi kilekile kwa tarehe ileile, hata kama ni elfu tano. Hela inayokuja leo laki, kesho kimya, inamfanya mzee apange maisha juu ya kitu kisichokuwepo.

Kama ameshafariki

Nenda kwa watoto wake. Rambirambi haichelewi: bahasha, pole, na muulize aliugua nini, alizikwa wapi, nani alimuuguza. Kisha waambie tendo lile, kwa maneno yaleyale uliyoyaandika Hatua ya 1, kwa sababu mara nyingi watoto hawajui kwamba uji wa nyumbani kwao ulikuwa unatoka nje kwenye kikombe cha mtu mwingine. Wengine wataudhika kidogo, kwani na wao walikuwa na njaa mwaka ule. Waache waseme.

Kaburini peleka jembe kabla ya maua. Ulizia kama familia ina mpango wa kulijengea, na uchangie sehemu yako kwenye mpango wao. Usijenge peke yako. Kama jirani aliyemfahamu bado yupo hai, pita kwake kabla hujapanda gari.